Gari Lililofikiri Kabla ya Kupanda

Jirani yangu wa yadi tunamwita Milimita, na jina hilo nilimpa mimi. Ni fundi umeme wa magari. Mafundi wengine wakikata waya huacha kipande cha ziada, kiasi cha kiganja, maana hujui kesho italeta nini. Yeye hapana. Anapima kwa futi ya kushonea aliyoiazima kwangu miaka kumi na tisa iliyopita, na ambayo hajairudisha hadi leo, anakata palepale waya unapoishia, anaunga kwa risasi ya kuyeyusha, anafunga tepu, na ukifungua boneti nyuma yake unakuta waya zimelala kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Ukimwuliza kwa nini hakuacha hata inchi moja, atakujibu kwamba waya wa ziada ni uvivu uliojificha.

Mimi ni fundi viti. Kati ya banda lake na langu kuna ukuta wa mabati, na ukuta huo hauzuii kitu: mimi namsikia akibishana na magari, yeye ananisikia nikibishana na wateja. Nasema haya mapema ili ujue kwamba ninayoyasimulia sikuhadithiwa. Nilikuwepo, na palipokosewa nami nilikosea pamoja na wenzangu.

Milimita ana dada yake mkubwa, mkunga. Mama yao alipofariki Milimita alikuwa na miaka sita, na huyo dada ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamchapa ilipobidi, akampeleka kujifunza ufundi. Sasa ana miaka sitini na mbili, na ni mfupi kiasi kwamba akisimama mbele ya gari lake unaona kilemba tu. Hospitali walishamstaafisha, lakini uchungu wa kuzaa haujui kustaafu. Mtaa wao uko bondeni, hospitali iko juu mlimani, na katikati inapita barabara kuu ya malori. Gari la wagonjwa likiitwa bondeni huja likijisikia. Kwa hiyo akina mama wanampigia Mkunga, naye anawapakia kwenye gari lake dogo, kiti cha nyuma kimelazwa na kutandikwa shuka, anapanda nao.

Mwaka huu injini ya gari hilo ilikufa. Mwana mkubwa wa Mkunga, mwalimu wa hesabu, alishauri liuzwe vyuma chakavu. Milimita akasema ng'o, dada yangu ataendesha. Akatafuta injini nyingine, changa, iliyotoka kwenye gari lililogongwa nyuma, akaiingiza humo kwa mwezi mzima wa kutoa jasho na matusi.

Injini yenyewe ilikuwa ya kisasa. Zamani ukikanyaga pedeli ya mafuta unavuta waya wa chuma, na ule waya unafungua mlango wa hewa kwenye injini. Mguu unavuta, injini inaitika, basi. Hizi za sasa hazina waya wa kuvuta. Pedeli inapeleka habari tu kwenye kompyuta, kompyuta inasikiliza na habari nyingine za gari, inapima, ndipo inaufungua mlango wa hewa kwa mota ndogo. Yaani mguu unaomba, kompyuta inaamua. Mimi sizipendi. Nikiomba kitu napenda nipewe, sipendi kujadiliwa. Lakini Milimita anazijua kama kiganja chake, na kwa kuwa bonde lile hujaa maji wakati wa mvua, kompyuta akaiweka ndani, akaifunga chini ya kiti chenyewe cha dereva. Kiti nikakishona mimi, nikaongeza sponji tabaka mbili ili Mkunga aone barabara juu ya usukani.

Wiki tatu gari lilikwenda vizuri. Ya nne, Mkunga akaja yadi na uso uliokunjamana.

"Mdogo wangu, hili gari nikilikanyaga linafikiri kwanza."

"Linafikirije, Dada?"

"Nakanyaga, halifanyi kitu. Nahesabu moja, mbili, ndiyo linaanza kujikokota. Siku nyingine linakwenda vizuri, siku nyingine linanifanyia hivyo."

Milimita akaingia garini, akatoka nalo. Tulilisikia likipanda mlima wa nyuma ya yadi kama linafukuzwa. Akarudi akitabasamu. "Halina kitu, Dada." Mkunga akaondoka, na sura yake ilinionyesha kwamba hakuridhika.

Siku tano baadaye alikuwa anapandisha mama mwenye uchungu. Akafika kwenye makutano, akaona nafasi ya kuvuka barabara kuu, akakanyaga. Gari likafikiri. Lori la kokoto lilipiga honi mpaka likawapita kwa upana wa mkono, na yule mama akapiga kelele kwa sababu mbili kwa pamoja. Walifika hospitali salama. Mkunga alilipaki gari hapohapo, akarudi nyumbani kwa miguu.

Aliyelileta yadi alikuwa mwanawe, Mwalimu. Alisimama katikati ya banda akiwa na chaki kwenye mkono wa shati, akataka tulijaribu sote, mmoja mmoja. Tukalijaribu. Mchomeleaji wa yadi akalijaribu, fundi rangi akalijaribu, nami na tumbo langu nikajipenyeza nikalijaribu. Kila mmoja alirudi na jibu moja: gari linapaa.

"Haya, Mjomba," Mwalimu akamwambia Milimita. "Wewe, hawa watatu, na mimi. Watu watano wamelijaribu, watano hawakuona kitu. Anayeona ni mmoja. Tatizo liko wapi?"

Sote tulikuwa na jibu, na fundi rangi, ambaye ulimi wake hauna breki, akalisema. "Mguu. Mama ameshakuwa mtu mzima, mguu hauna nguvu." Nami nikatikisa kichwa kukubali. Nakiri, nilitikisa.

Mwalimu si mtoto mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, anatetemeka," akasema. "Sitaki kuzika mama kwa sababu ya ubishi. Jumapili kuna mtu atakuja kulinunua. Mpaka siku hiyo likae hapa, na ufunguo ukae kwako." Ilikuwa Jumatatu.

Milimita aliupokea ufunguo. Alipoondoka mpwa wake, alifungua boneti, na kwa siku nne hatukumwona uso, tulimwona mgongo tu. Aliusafisha mlango wa hewa mpaka ukang'aa. Akabadilisha pedeli nzima, akaweka nyingine. Akapima pampu ya mafuta, akatoa chujio, akabadilisha plagi ambazo hazikuwa na kosa. Akachomeka ile mashine yake ya kusomea kompyuta, yenye kioo kama cha simu, akauliza kosa liko wapi, mashine ikajibu hakuna kosa. Akaizima, akaiwasha, akauliza tena.

Alhamisi nilichoka kumtazama. "Ndugu yangu, unatwanga maji kwenye kinu. Gari zima. Dada yako amechoka, mwache apumzike."

Aligeuka, grisi mpaka kwenye nyusi. "Dada yangu amenilea tangu nina miaka sita. Ameniambia mengi ambayo sikupenda kuyasikia. Hajawahi kuniambia kitu ambacho hakipo. Kama amesema linafikiri, linafikiri. Mimi ndiye sijaliona."

Nilirudi bandani kwangu nimenuna, maana mtu akikusema ukiwa umekosea inauma mara mbili.

Ijumaa Mkunga mwenyewe alikuja, kwa miguu. Hakwenda kwa mdogo wake. Alikuja kukaa kwangu, juu ya rundo la vitambaa, kana kwamba amekuja kushonesha mto. Akaniambia kwamba kila asubuhi anaosha vyombo amesimama kwa mguu wa kulia peke yake, anahesabu. Amefika mia mbili. "Mguu unanishika," akasema. "Lakini mwanangu anasema ni ubongo ndio unachelewa, si mguu. Sasa huo nitaupimaje?"

Kisha akaniambia la pili, sauti chini ili isivuke mabati. Siku kumi zilizopita, alfajiri, wakati gari bado liko kwake na bado linamfanyia vile vituko, mama mmoja wa mtaani alimpigia simu uchungu umeanza. Akamwambia atafute usafiri mwingine. Alijiogopa. Yule mama akaanza kupanda kwa miguu na mumewe, na akajifungulia kando ya barabara, kwenye kona, juu ya kanga ya mpita njia. Yeye na mtoto wazima. "Lakini nilimwacha," Mkunga akasema. "Miaka thelathini na nane, sijawahi kumwacha mtu. Aliyefuata nikasema huyu simwachi, nikampakia, na lori karibu litumalize. Sasa niambie, fundi: nikiendesha naua, nisipoendesha naacha. Bora Jumapili lichukuliwe."

Nililia, na sioni haya kusema. Kisha nikaenda upande wa pili wa mabati nikamwambia Milimita yote, ingawa niliombwa nisiseme.

Milimita aliweka bisibisi chini. Kisha akasema jambo ambalo, ukilisikia leo, utatushangaa sote tuliokuwa na vyeti ukutani. "Hatujawahi kumwona yeye akiliendesha."

Kweli. Tulikuwa tumeletewa kitanda tukakipima homa, mgonjwa tumemwacha nyumbani.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulikwenda kwake na gari. Mkunga alikataa. Alisimama mlangoni, mikono ndani ya kanga. "Nimeshasema sishiki tena usukani."

"Dada, nakuomba mlima mmoja," Milimita akasema. "Mmoja tu. Likienda vizuri, kesho nitalikabidhi mwenyewe kwa mnunuzi na sitakusumbua tena. Lakini sitaki uliache gari kwa kuamini kitu ambacho mimi sikiamini."

Mkunga akaingia ndani, akatoka amefunga kilemba.

Mimi niliwekwa nyuma, nimelala chali kwenye kile kiti kilicholazwa, eti niwe mzigo wa mama mjamzito. Nina kilo mia na tatu, kwa hiyo nilikuwa mapacha. Milimita alikaa mbele, upande wa abiria, na mashine yake mapajani. Mkunga akashika chuma chini ya kiti, akakivuta kiti mbele mpaka mwisho, kifua kikakaribia usukani, akaanza safari.

Barabara ya bondeni ni tambarare, hatukuona kitu. Tulipofika chini ya mlima akakanyaga. Nikasikia injini inaguna. Gari halikusogea ilivyopasa. Moja, mbili, tatu, likaanza kujikokota.

"Umeona?" Mkunga akasema, na sauti yake ilikuwa ya kulia. "Umeona?"

"Naona!" Milimita alipiga kelele kama aliyeshinda bahati nasibu. "Dada, limekataa! Limekataa kweli! Endelea kukanyaga!"

Alikuwa ameinamia kioo. Alisoma kwa sauti, na mimi nikasikiliza nimelala. Pedeli imekanyagwa asilimia themanini. Mlango wa hewa umefunguka asilimia kumi na tano. Akashusha orodha. "Dada, umekanyaga breki?"

"Breki ya nini mlimani?"

Milimita akainama kabisa, kichwa chini ya dashibodi, kuangalia miguu ya dada yake. Gari lile ni la otomatiki, mguu wa kushoto hauna kazi. Mguu wa kushoto wa Mkunga ulikuwa umetulia karibu na mlango, katika kiatu chake cheusi, haujagusa kitu.

"Simama hapo kando," akasema Milimita taratibu. "Kompyuta inasema umekanyaga breki. Inadhani unakanyaga breki na mafuta kwa pamoja, kama mtu aliyeingiwa na hofu. Kwa hiyo inabana hewa kukulinda. Mashine haioni kosa kwa sababu kukanyaga breki si kosa."

Wakabadilishana. Milimita, mrefu kama ngazi, akashika kile chuma, akarudisha kiti nyuma, akakaa. Neno kwenye kioo likabadilika: breki imeachiwa. Akakanyaga, gari likaruka nami nikabingirika nyuma kama gunia. Akasimama. Akamwachia dada yake. Mkunga akavuta kiti mbele, na kioo kikasema breki imekanyagwa.

Mimi nimeshona viti miaka ishirini na saba. Nikiwa nimelala pale, sikio langu likiwa karibu na sakafu, nilisikia kitu kidogo kila kiti kilipokwenda mbele, mkwaruzo mwembamba usio wa reli za kiti. "Kiti," nikasema. "Nyie, ni kiti. Sisi wote tulikirudisha nyuma kabla ya kuendesha. Kila mmoja. Mimi kwa sababu ya tumbo, nyie kwa sababu ya miguu."

Milimita alimwomba dada yake ashuke, akasema kiti kisiguswe, akaanza kuingia. Nisamehewe kwa kucheka, lakini mtu yule aliingia vipande vipande. Magoti yalipita pande zote mbili za usukani, kidevu kikakaa juu ya honi, na honi ikalia muda wote. Watu wakasimama kutazama. Akakanyaga mafuta kwa ncha ya kidole, na gari, mbele ya macho ya mtaa mzima, likafikiri. Moja, mbili, tatu. Likajikokota.

Alitoka kwa shida. Tukainua zulia la sakafu. Chini ya kiti, kutoka sakafuni mpaka kwenye kompyuta inayosogea pamoja na kiti, ulikuwepo waya mmoja mwembamba, ule unaoiambia kompyuta habari za breki. Nyuma ulikuwa umelala vizuri sana. Kiti kikienda mbele ulinyooka hewani umekazika, na pale kwenye kiungo nyuzi zake zilikuwa zimekatika moja baada ya nyingine, zimebaki mbili zinazogusana kwa ncha tu. Zikigusana, kompyuta inaambiwa breki imeachiwa. Zikiachana, haiambiwi kitu, nayo kwa tahadhari inahesabu kwamba breki imekanyagwa. Taa za breki za nyuma zina waya wake mwingine, ndiyo maana hazikuwaka.

Waya huo ulikatwa kwa kipimo. Ulipimwa na mtu mrefu, kiti kikiwa nyuma, kwenye nafasi yake mwenyewe.

Milimita alikaa chini barabarani. "Ni mimi," akasema. "Dada, ni mimi. Si mguu wako wala kichwa chako. Nilikiweka kiti kama ninavyokaa mimi."

Nilitegemea Mkunga amkumbatie. Hakumkumbatia. Alikuwa ameshika mlango wa gari, anapumua kwa nguvu, na nilimwona anarudisha hesabu ya zile wiki zote: usiku aliokesha, vyombo alivyoosha kwa mguu mmoja. "Wiki hizi zote," akasema, "nilikuwa najiaga." Kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Unganisha waya wangu."

Aliunganisha hapohapo, akaacha mrefu, na Mkunga akaendesha mlima ule mara tatu. Jumapili Mwalimu alipofika na mnunuzi, mama yake alimwambia apande. Hakumweleza kitu. Alimpandisha mpaka hospitali, akavuka barabara kuu, akamrudisha. Mwalimu alishuka, akamtazama mjomba wake, akamtazama mama yake, akamwambia mnunuzi samahani, gari haliuzwi. "Nilikosea hesabu, Mama," akasema. Mkunga akajibu kwamba hesabu ilikuwa sahihi, ila alisahau kumhesabu yeye.

Milimita alianza tena kuomba msamaha. Dada yake akamkata. "Usiniombe mimi. Mimi nimekulea, nitakusamehe nikitaka nisitake. Twende ukamwombe aliyejifungulia barabarani."

Tulikwenda watatu. Chumba kilikuwa kimoja, kamba ya nepi imepita juu ya kitanda, ndoo mbili mlangoni. Yule mama alikuwa ananyonyesha. Alipomwona Mkunga hakuinuka, na salamu yake ilikuwa fupi. Milimita alisimama kati ya ndoo, kofia mkononi, akasema yote bila kuficha: waya, kiti, kipimo. Akasema kosa ni lake, na kwamba dada yake aliogopa kumuua.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. "Niliketi pale kwenye kona," akasema, akimwangalia Mkunga, si Milimita. "Nikawa namwambia mume wangu, subiri, atakuja. Hata kichwa cha mtoto kilipotokeza nilisema atakuja."

Mkunga aliinamisha uso. Mtoto alisikika akimeza.

"Mdogo wangu yuko nyumba ya tatu kutoka hapa," yule mama akaendelea. "Ameingia mwezi wa tisa. Mtaani wanasema huendeshi tena, mwanao amechukua ufunguo. Siku yake ikifika, tumpigie nani?"

Milimita alifungua mdomo. Mkunga akamzuia kwa mkono.

"Mnipigie mimi," akasema. "Nitakuja."